Namba Hii Tayari Inatumika

Tovuti ile niliitengeneza mimi, kwa hiyo nikiilalamikia najilalamikia mwenyewe, na kazi hiyo siipendi. Naitwa Kyakimwa. Nilizaliwa Butembo, nikasoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, huko huko, na wakati wa mambo haya, mwaka 2024, nilikuwa nakaa Mpofi upande wa Walikale, nyuma ya duka la kaka yangu Muhindo. Muhindo anauza chumvi, sabuni, betri na samaki wakavu. Alikuwa na paneli za jua na antena ya internet, vitu ambavyo mtengeneza tovuti anavihitaji kuliko dirisha. Dirisha sikuwa nalo.

Vita vilikuwa vimewatawanya watu wa Masisi. Mama alikimbia na njia hii, mtoto akasukumwa na umati kwenye njia ile, na kila mmoja akabaki kuuliza habari za mwenzake kwa wapita njia. Shirika moja la Goma likaamua kufanya tovuti: mtu anajiandikisha, anasema anamtafuta nani, na mashine inalinganisha wanaotafuta na wanaotafutwa. Waliiita Tuonane. Aliyenipa kazi ni msimamizi wao, Valentin, mtu mwema aliyeogopa wezi wa mtandao kuliko watu wenye bunduki, labda kwa sababu wale wa pili alishawazoea.

"Kyakimwa, sécurité mbele ya yote," aliniambia kwenye simu. "Mengine tutaona kisha."

Basi niliweka sécurité, ulinzi wa kila aina. Kwenye ukurasa wa kujiandikisha niliweka nafasi kumi na nne za kujaza. Nilidai tarehe ya kuzaliwa, na watu wengi wa milimani wakajikuta wamezaliwa tarehe moja Januari. Nilidai anwani ya sasa kwa watu waliokaa chini ya hema la plastiki. Nilidai neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Nilidai namba ya simu, na kwenye simu hiyo tovuti ilituma code ya tarakimu sita. Asiyeingiza code hakuhesabiwa kuwa ameandikwa, na jina lake halikuonekana kwa yeyote. Mtu aliyekaa miezi kumi na miwili bila kuingiza code alifutwa, ili orodha ibaki safi. Valentin alinisifu kwa hilo la mwisho. Mimi pia nilijisifu, nikala samaki wa Muhindo bila kumwambia.

Baada ya mwaka mmoja hesabu zikaonyesha kwamba kati ya watu kumi walioanza kujiandikisha, wawili tu walimaliza. Kwenye ripoti niliwaandika wale wanane chini ya kichwa "kosa la mtumiaji". Valentin alilipenda neno hilo. Waliotoa fedha hawakulipenda. Walitaka kujiandikisha kuwe rahisi, na walitaka mtu aende akaangalie watu wanavyoshindwa. Mtu huyo akawa mimi.

Nilipanda pikipiki Mpofi asubuhi, nikapita Kibua, nikapanda hadi Masisi-Centre nikiwa na matope mpaka kwenye masikio. Njiani nilisimamishwa kwenye vizuizi saba vya watu wenye silaha. Kila mahali waliniuliza jina langu na nilikokuwa nakwenda. Hakuna kizuizi hata kimoja kilichoniuliza mambo kumi na manne.

Posti ya Tuonane ilikuwa chumba kimoja cha parokia, chenye meza, mabenchi mawili na tablet iliyofungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Aliyeisimamia ni Léonard, katekista, mwanamume mpole mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko huo niliuona mara moja, kwa sababu mezani palikuwa na daftari la shule ambamo ameandika jina la kila mtu na neno lake la siri. Yote yalikuwa neno moja: Masisi2023!

"Kila muntu alikuwa nasahau yake," Léonard alinieleza. "Njo nikawapatia moja ya wote. Hata mapadiri wanaijua."

Niliandika kwenye kijitabu changu: neno la siri si siri. Kesho yake nikakaa kwenye benchi la nyuma kuangalia.

Siku ya kwanza nilimwona mzee mmoja, Papa Mbonigaba, akimtafuta mdogo wake. Alijibu mambo yote vizuri mpaka akafika pale tovuti inapotaka uhakika kwamba wewe ni mtu wala si mashine. Inakuonyesha picha ndogo tisa na kukuambia uchague zenye taa za barabarani.

"Hizo taa ni za nini?" aliuliza.

"Zinasimamisha motokari, Papa."

"Hapa motokari inasimamishwa na kamba."

Alitafuta picha zenye kamba, hakuziona, akachagua moja yenye daraja kwa sababu ilikuwa nzuri. Tovuti ikaamua kwamba Papa Mbonigaba ni mashine. Aliuliza kwa heshima kama kuna mkubwa anayeweza kuliangalia jambo lake upya. Mkubwa mwenyewe nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeinamia kijitabu.

Baadaye mama mmoja, Libérata, aliulizwa swali la usalama: jina la mnyama wako wa kwanza. Swali hilo nililinakili mahali fulani bila kufikiri. Libérata alisema imbwa yao ilikuwa inaitwa imbwa. Tovuti ilimjibu kwamba jina ni fupi mno. Siku ile, kati ya watu kumi na tisa, walimaliza watatu, na mmoja wao alikuwa Léonard mwenyewe, aliyejiandikisha upya ili kunionyesha kwamba inawezekana.

Usiku ule nililala vibaya. Nisiseme uongo, nilikuwa na hasira, na nilikuwa bado sijaamua niwakasirikie nani.

Siku ya pili, kabla Léonard hajamaliza kupangusa meza, akaingia mwanamke mrefu mwenye mwavuli mweusi. Watu walimpisha mbele bila kuombwa. Baadaye nilielewa kwamba walimpisha kwa sababu shughuli yake haikuchukua muda.

"Léonard, uniandike tena," alisema.

Léonard aliniangalia, akaangalia meza. "Mama Élisabeth, tulishafanya mara ine. Ile namba iko na muntu."

"Jaribu. Labda ule muntu alishachoka."

Akaisema namba kwa Kifaransa, kama sisi wote tunavyotaja namba za simu, tarakimu mbili mbili, kwa sauti ya kuimba kidogo. Léonard akaiandika. Tablet ikafikiri. Kisha yakatokea maandishi mekundu ambayo ninayajua, kwa kuwa niliyachagulia hata rangi: "Kosa. Namba hii tayari inatumika. Tafadhali chagua namba nyingine."

"Ni vile vile, Mama," Léonard akasema.

"Asante," akasema Mama Élisabeth, akachukua mwavuli wake.

Nilimwita. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba nimetumwa kuangalia kwa nini watu hawafaulu. Akakaa kwenye benchi langu, akauweka mwavuli magotini. Aliniambia kwamba yeye ni mtu wa Karuba. Walikimbia mapema mwaka jana, mabomu yalipofika shambani. Mume wake alikuwa amekwisha kufa zamani, kwa ugonjwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Myriam, wa miaka minane. Mtoto alitangulia mbele na majirani, amebeba sufuria kichwani, na kwenye njia panda watu wakagawanyika. Sufuria aliiona kwa mbali inakwenda upande mwingine. Alipigana na umati kuifuata, akashindwa. Kesho yake wenye silaha walimnyang'anya simu porini.

"Basi ile namba unayotoa ni ya simu waliyochukua?" nilimuuliza.

"Njo ile."

"Mama, simu haiko tena. Kwa nini usitoe namba ingine? Ya Léonard, ao ya Padiri?"

"Wote walishanipatia. Ni bantu wazuri. Lakini zao mutoto hazijui."

Kisha akanieleza jambo la maharagwe. Vita vilipoanza kusikika upande wa Mushaki, alimfundisha Myriam namba ya simu wakati wa kupanda. Yeye alichimba kwa jembe, mtoto akafuata nyuma akitia mbegu na kuitaja namba, tarakimu mbili kwa kila shimo. Mstari ukiisha bila kosa, wanahamia mstari wa pili. Akikosea, wanarudi mwanzo wa mstari, hata kama mvua inakuja. Siku hizo kina mama wengi wa Karuba walifanya hivyo.

"Shamba letu liko na mistari mingi," alisema. "Mutoto anaweza kusahau jina ya kijiji, anaweza kusahau yangu. Ile namba hawezi. Sasa nikiandika namba ingine, atanipata wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia tovuti haifanyi kazi hivyo, kwamba namba ni ya kupokea code tu, na kwamba ukaidi wake ndio uliomchelewesha mwaka mzima, kwa kuwa bila kujiandikisha hakuna kuingia, na bila kuingia hakuna kutafuta. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Yeye alisikiliza mpaka mwisho.

Léonard aliona aibu kwa niaba yetu wote wawili. "Ni mwizi, dada," aliniambia. "Mwizi alikamata simu, na njo alijiandikisha nayo. Tulishamwelezea Mama."

"Walishanielezea," Mama Élisabeth akakubali. "Na kila mara ninawauliza, huyo mwizi iko anatafuta nani?"

Léonard alitabasamu kwa huzuni, kama anavyofanya mtu aliyesikia mzaha huo mara nne. Mimi swali hilo lilinikaa.

Mwizi anauza simu. Anatupa SIM. Hapandi mlima kwenda parokia kukaa kwenye benchi na kujibu mambo kumi na manne, halafu athibitishe kwamba yeye si mashine. Katika miaka yote ya kutengeneza tovuti sijawahi kukutana na mwizi mwenye subira ya kumaliza ukurasa wangu.

Sikuruhusiwa kufungua orodha ya watu mbele ya yeyote. Amri hiyo niliiandika mimi pia. Nilitoa machine yangu, laptop, kwenye mkoba, nikaunga internet ya parokia, nikaifungua orodha, nikaitafuta namba ile. Ilikuwepo. Iliandikwa kwenye posti ya Kibua. Hali: haijathibitishwa, code haikuingizwa. Kwa hiyo haikuonekana kwa mtu yeyote anayetafuta, hata kama angefaulu kuingia. Iliandikwa miezi kumi na mmoja na siku ishirini na nne zilizopita. Baada ya siku sita ingefutwa, na orodha ingebaki safi.

Jina lilikuwa Myriam, lakini Myriam ni wengi, na nilikwisha kumwumiza mama yule mara moja asubuhi ile. Sikutaka kumpa mtoto wa mtu mwingine. Nikashuka chini ya ukurasa mpaka kwenye lile swali la mnyama.

"Mama," nilisema, "kwenu mulikuwa na mnyama mwenye jina?"

"Wa nini?"

"Unijibu tu."

"Tulikuwa na ng'ombe moja. Aliitwa Tutaona."

"Kwa nini Tutaona?"

"Tulipomununua alikuwa amekonda. Jirani zote walisema atakufa."

Niligeuza machine ili asome. Kisha nikakumbuka kumuuliza kama anajua kusoma, naye akasema hapana, akamwita Léonard. Léonard aliinama, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: jina, Myriam. Umri, miaka minane. Anatoka, Karuba. Anamtafuta, mama. Jina la mnyama wako wa kwanza, Tutaona. Alipofika hapo akavua miwani na kuanza kuifuta kwa shati.

Mama Élisabeth hakulia. Aliuliza, "Iko wapi?"

"Kibua," nilisema. "Niliipita juzi asubuhi. Ni njia hii hii."

Ukurasa haukuwa na namba ya mtu wa karibu wa mtoto, kwa sababu kati ya nafasi kumi na nne sikuweka hiyo. Nikampigia kwa WhatsApp Védaste, msimamizi wa posti ya Kibua. Nilimuuliza kama anamkumbuka mtoto mmoja wa Karuba aitwaye Myriam.

"Ule wa Mama Béata?" alisema. "Namujua vizuri. Mama Béata alimuokota njiani, iko anamulea na batoto yake. Anakuja hapa kila siku ya ine, akitoka masomo."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kuuliza kama code imefika. Code ilienda kwa simu ya mama yake, dada, na hiyo simu haiitike. Namuambia bado. Anasema sawa, anarudi nyumbani."

Kila Alhamisi. Nilipiga hesabu kichwani kwa sababu sikuweza kujizuia: Alhamisi hamsini na moja. Mama alisimama mlango wa huku mara tano, mtoto akasimama mlango wa kule mara hamsini na moja, na katikati nilikaa mimi na maandishi yangu mekundu. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini aibu zile nyingine zilikuwa na mtu wa kushirikiana naye.

"Védaste," nilisema, "uende umulete. Muambie code imefika."

Tulingoja karibu saa nzima. Watu waliokuja kujiandikisha walipata habari na kukaa kwenye mabenchi. Papa Mbonigaba, aliyerudi kukata rufaa, alikaa karibu kabisa na simu. Hatimaye ikaita. Nilimpa Mama Élisabeth, naye akaishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili.

"Myriam," alisema.

Upande wa pili mtoto, badala ya kusalimu, akaanza kuitaja ile namba, tarakimu mbili mbili, kwa sauti ileile ya kuimba. Alifika katikati akanyamaza. Nikaelewa kwamba anangoja. Alikwisha kuambiwa bado mara nyingi mno, hakuwa tayari kuamini sauti tu. Mama Élisabeth akaimalizia.

"Mama," mtoto akasema, "nilikupigia. Simu haikuita."

"Simu ilienda, mutoto wangu. Namba njo ilibaki."

Hapo ndipo alipolia, na sisi pia, isipokuwa Papa Mbonigaba, ambaye tovuti ilikwisha kusema ni mashine. Hata yeye nilimwona anapenga kamasi.

Walizungumza mpaka mtandao ukakatika. Mama Élisabeth aliniuliza kama pikipiki iliyonileta inaweza kumpeleka Kibua leo leo, na dereva, ambaye alikuwa amesimama dirishani tangu mwanzo, akasema kwanza anatafuta mafuta. Wakati anayatafuta nilirudi kwenye orodha. Nilitaka kujua ni namba ngapi ambazo tovuti imezikataa kwa kusema tayari zinatumika. Kwenye ripoti zangu nilikuwa nimezijumlisha zote pamoja na makosa mengine. Nikiitoa ile ya Mama Élisabeth, zilibaki namba arobaini na moja.

Nilimpigia Valentin. Nilimwambia kwamba kuanzia sasa hivi hakuna atakayefutwa, kwamba ninaondoa code, taa za barabarani na neno la siri, na kwamba ukurasa utabaki na mambo matatu: wewe ni nani, unamtafuta nani, na namba gani mtu wako anaijua kichwani.

"Na sécurité?" aliuliza.

"Léonard iko na daftari, Valentin. Neno la siri la wote limo ndani."

Akasema nimtumie barua. Nilimwambia nitaituma nikimaliza hizi arobaini na moja, nikakata simu kabla ya kupewa ruhusa. Swali la ng'ombe sikumtajia; hilo nililibakiza.

Pikipiki ikaja. Mama Élisabeth alikuwa amekwisha kufunga kitenge na kuushika mwavuli, lakini hakutoka. Alirudi mezani kwa Léonard.

"Uniandike tena," alisema.

"Mama, hakuna haja. Mutoto ameshapatikana."

"Andika tu."

Akaitaja namba yake. Léonard akaiandika, kwa kuwa ukurasa nilikuwa sijaubadilisha bado. Tablet ikafikiri, maandishi mekundu yakatokea.

"Inasema nini?"

"Kosa," Léonard alisoma. "Namba hii tayari inatumika."

Mama Élisabeth akavuta benchi, akakaa. Dereva alipiga honi nje, naye akamwonyesha kwa mkono angoje.

"Usome tena," alisema.